Heparini ikikataliwa na mwili, upasuaji wa moyo huwa mtihani

HEPARINI huzuia damu kuganda mgonjwa anapounganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo wakati wa upasuaji. Ubora wake ni kwamba nguvu zake hukatwa papo hapo kwa protamini.

Hata hivyo, miili ya wagonjwa wachache huunda kingamwili dhidi yake. Chembechembe za kugandisha damu hupungua, lakini, ajabu ni kwamba, badala ya kuvuja, damu huganda mishipani.

Bivalirudini hutumiwa badala yake, ila haina dawa ya kuikata, na damu iliyotuama mashineni huweza kuganda. Heri kuahirisha upasuaji hadi kingamwili zitoweke, takriban siku 100, kisha heparini irejelewe kwa muda mfupi.

Mwenye vali iliyoharibiwa na maambukizi hana siku 100 za kusubiri.