Dogo wa Ng'ambo ya Ruvuma

Wanachuo wenzangu, tukitaja vita tunakimbilia Gaza au Ukraine, maana ndiko simu zetu zinakotupeleka. Kumbe vita ipo ng'ambo ya mto ulioupa mkoa wetu jina. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji walipovamia Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji halijatulia. Oktoba 2020 wakavuka hadi Kitaya, Mtwara, wakaua watu. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mwishoni mwa mwaka huo moto ukafika Mecula, katika jimbo la Niassa, ambalo ndilo jirani yetu hasa sisi wa Ruvuma.

Katika yote hayo nina mtu mmoja wa kumsemea: kijana wa miaka 13 hadi 17. Mtoto mchanga akivushwa mto, kila mtu ananyoosha mikono kumpokea. Dogo wa miaka 16 mwenye ndevu za kwanza anaulizwa katumwa na nani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, lakini hofu haisomi sheria.

Na hofu hiyo ina sababu, tusidanganyane. Wapiganaji wale wamewateka wavulana na kuwapa bunduki, wamewateka wasichana na kuwafanya wake. Kwa hiyo dogo anabanwa pande mbili: kule wanamtaka awe mpiganaji, huku tunamdhania tayari ni mpiganaji. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema hadharani kwamba maelfu ya watu waliokimbilia kwetu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Hoja ya usalama wa nchi naielewa. Ila kumrudisha kijana mahali anapotekwa ni kumpelekea adui askari mpya, na hilo nalo ni suala la usalama wa nchi.

Watu hudhani usalama ni kuwa mbali na risasi. Kwa kijana haitoshi. Anaweza kulala kilomita mia kutoka vitani na bado asiwe salama, kwa sababu hajui kesho ataamkia wapi, wala mtu mzima gani atakuwepo. Graça Machel, Mmsumbiji aliyewahi kufanya kazi na FRELIMO hapa Tanzania, aliandika ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto na vita mwaka 1996. Alisisitiza shule, familia na siku zenye utaratibu, akaonya kuwa vijana wa rika hili husahauliwa. Sisi wa kusini tungeongeza jando na unyago. Kwa Wayao na Wamakonde, pande zote mbili za mto, hapo ndipo kijana anapopata rika lake na wazee wa kumwelekeza. Familia iliyotawanyika inamchezesha wapi mtoto wake, na kwa somo yupi?

Mkoa huu unaijua kazi hii. Muhukuru ilipokea wakimbizi wa Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, Likuyu ikawapokea waliokimbia vita vya RENAMO, na Tunduru kulikuwa na shule ya FRELIMO kwa ajili ya watoto wa vita. Lakini kumbukumbu zetu ni za mashujaa. Kila Februari tunawakumbuka wazee walionyongwa hapa Songea mwaka 1906, na ni haki yao. Vijana waliobaki na njaa iliyofuata Vita vya Majimaji, nani anawataja?

Sasa tuje kwetu. Wengi wetu tunasomea ualimu, na BTP inaweza kukupeleka Tunduru, Namtumbo au vijiji vya mpakani. Ukimpata mwanafunzi aliyetoka Palma, atakusalimia kwa Kiswahili safi mpaka usahau kwamba alisoma kwa Kireno. Kugawanya anajua, ila neno “kigawe” hajawahi kulisikia. Ukimwandika mzito, umemwonea. Anayekaa karibu na mlango siku zote, anayeshtuka bati likigonga, mwache akae hapohapo. Usimsimamishe mbele ya darasa asimulie yaliyompata. Siku akitaka kusema atakufuata mwenyewe, mradi kila Jumatatu akukute palepale ulipomwambia utakuwepo. Na wale wenye utani wa kumwita dogo mgeni “Al-Shabaab”, jamani, hilo ndilo jina la waliochoma nyumba yao. Kamwite hivyo mwanao kwanza, uone kama utacheka.

Serikali yetu ya wanafunzi hupata hela ya bonanza na ya usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Sina ugomvi na bonanza, nami nacheza namba sita. Lakini naomba mchana mmoja kabla ya BTP, aje afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri atufundishe namna ya kumsikiliza kijana aliyepitia vita, na ni kwa nani umpeleke mambo yakikuzidi. Barua ya kumwomba ni ukurasa mmoja. Waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi akikosa muda wa kuiandika, nitaiandika mimi, yeye apige muhuri.