Kilichosalia Kisidharauliwe



Tumezoea kusikia kwamba kilichoharibiwa kimeharibika, wala hakuna la kufanya. Sisi hatukubali. Kisa cha fisimaji wa bahari, aishiye Pasifiki ya Kaskazini, chatupa sababu.

Mnyama huyu hana tabaka nene la mafuta kama nyangumi. Hujikinga na baridi kwa manyoya yaliyosongamana kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Manyoya hayo ndiyo yaliyomponza. Mabaharia wa safari ya Vitus Bering waliporudi Urusi na ngozi zake mwaka 1742, wafanyabiashara walimiminika katika visiwa vya Aleuti. Huko waliwashika wake na watoto wa wenyeji kuwa rehani, ili waume wawawindie. Uchoyo uliommaliza mnyama ulianza kwa kumdhulumu mwanadamu, nasi tusizitenganishe dhuluma hizo mbili.

Kufikia mwaka 1911, kati ya fisimaji wanaokadiriwa kuwa 150,000 au zaidi, walibaki wasiozidi 2,000. Bahari nayo iliugua. Fisimaji hula wanyama wadogo wa mviringo, wenye miiba, ambao chakula chao ni mwani. Mlaji alipoondoka, wenye miiba waliongezeka mno, wakatafuna misitu ya mwani ambamo samaki hujificha na kukua.

Mwaka huohuo Marekani, Urusi, Japani na Uingereza zilitia sahihi mkataba uliowalinda. Mwaka 1938 kundi la hamsini hivi lilijulikana katika pwani ya California. Leo huko wako karibu 3,000. Kati ya mwaka 1969 na 1972, fisimaji 89 walihamishwa kutoka Alaska hadi kisiwa cha Vancouver, Kanada, na wazao wao sasa ni maelfu.

Kurejea huko kuna gharama. Wavuvi wa kaa na chaza hulalamika, maana fisimaji hula kile wanachokitegemea. Tusiwabeze: anayetaka viumbe wahifadhiwe hana budi kuwasikiliza pia wanaoishi navyo.

Basi somo ni hili: hamsini walitosha, kwa kuwa kuna waliokubali kuacha faida na kungoja. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida. Uponyaji wake hauna njia ya mkato. Nasi tunapoona kilichosalia ni kidogo, tusiseme kimekwisha. Tuulize ni nani anayekimaliza, na ni nani atakayekilinda kuanzia leo.