Saa Kubwa Haimkuzi Mvaaji

Siku ya mshahara askari kijana hutoka kambini na kuelekea madukani. Macho yake huvutwa na saa moja ya mkono iliyo kubwa na nene, yenye vitufe vitatu ubavuni na uso mpana kama kisosi cha kahawa. Muuzaji humhakikishia kwamba hiyo ndiyo saa ya mwanamume. Kijana huivaa, hujitazama katika kioo, hulipa, na kurudi kwake akitembea kwa madaha.

Haipiti wiki mbili, saa ile huanza kugombana na mwenyewe. Hunasa katika mkono wa gwanda. Huzunguka ikaangukia upande wa kidole gumba. Katika mazoezi ya kujiinua kwa mikono, kitufe chake humchoma mgongo wa kiganja. Mwezi wa pili saa imekwisha lala sandukuni, na fedha ambazo zingelinunulia jiko unga na mafuta zimelala pamoja nayo. Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Aghalabu kinyemi hupita upesi, kidonda kikabaki.

Hapana budi kukumbuka kwamba saa ya mkono ilipata heshima kwa sababu ya kazi, wala si kwa sababu ya ukubwa. Kabla ya mwaka 1914, wanaume wengi wa Ulaya walichukua saa zao mfukoni, zikiwa zimefungwa kwa mnyororo. Saa ya kufunga mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyogeuza mambo. Askari aliyemo handakini, bunduki i mikononi, hakuwa na nafasi ya kupapasa mfukoni ili ajue kama wakati wa kushambulia umewadia.

Katika Vita vya Pili, Jeshi la Uingereza liliagiza saa kutoka makampuni 12 ya Uswisi, nazo nyingi zilifika mwaka 1945. Kipenyo chake kilikuwa kati ya milimita 35 na 38. Saa ya Wamarekani iliyoitwa A-11 ilikuwa ndogo zaidi, milimita 32 hivi. Ni kweli kwamba wanahewa wa Ujerumani walikuwa na saa za milimita 55. Lakini hizo zilifungwa kwa mkanda mrefu juu ya koti nene la kurukia, ili msafiri wa angani azisome bila taabu na kuhesabu njia ya ndege. Ukubwa wake ulikuwa na kazi yake. Mtu anayefunga saa ya namna hiyo juu ya ngozi ili akanywe chai hana haja nao.

Mitindo nayo huja na kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 saa za milimita 44 na zaidi zilipendwa mno. Baadaye viwanda vingi vikarudia zile za milimita 36 hadi 39. Mkono wa mtu mzima, hata hivyo, haufuati mitindo. Kwa hiyo yafaa mnunuzi aujue mkono wake kabla ya kuijua saa.

Kipimo cha kwanza ni mzingo wa mkono. Uzungushwe uzi karibu na lile fupa linalotokeza juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo, kisha unyoshwe juu ya rula. Mwenye mzingo wa sentimita 15 au 16 hupendezwa na saa ya kipenyo cha milimita 34 hadi 38. Mwenye sentimita 17 au 18 aweza kuvaa ya milimita 38 hadi 42. Anayezidi 19 ndiye anayeistahili saa kubwa kuliko hizo. Hii si sheria, bali ni mahali pa kuanzia.

Kipimo cha pili husahauliwa na wengi, nacho ndicho kinachoamua. Kila saa ina pembe nne zinazoshika mkanda, mbili juu na mbili chini. Urefu kutoka pembe za juu hadi za chini usizidi upana wa bapa la mkono. Kiganja kilazwe mezani, rula iwekwe juu ya kifundo, bapa lisomwe. Likiwa milimita 50, saa yenye urefu wa 46 hukaa sawasawa. Yenye 53 itatokeza pande zote mbili kama ubao uliolazwa juu ya gogo. Saa mbili zaweza kuwa na kipenyo kimoja cha milimita 40, moja ikakaa vema na nyingine isikae, kwa sababu ya pembe tu.

Unene nao una neno. Saa ya milimita 8 hadi 10 hupita chini ya mkono wa shati bila kelele. Ikizidi 13 hunasa. Kwa polisi anayefunga pingu, au askari anayevuta mkanda wa bunduki, jambo hilo si la urembo. Basi dukani mvaaji asiridhike kunyosha mkono mbele ya kioo. Akunje ngumi, akipinde kiganja kwa nyuma kama anayejiinua kutoka chini, apige saluti. Kitufe kikimchoma hapo dukani, kitamchoma kila siku. Mkanda ukazwe kiasi cha kupitisha ncha ya kidole kidogo, maana mkono huvimba kidogo wakati wa joto. Wa chuma ukipunguzwa na fundi saa, vipande vilivyotolewa vitunzwe.

Bei si kipimo pia. Saa ya Casio F-91W, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989, ina uzito wa gramu 21 tu, haijulikani kuwa imevaliwa, na imewatumikia wengi wenye kipato kidogo.

Mama wa nyumbani anayetaka kumtunuku mumewe saa siku ya kupandishwa cheo hana haja ya kumwuliza. Na achukue saa yake ya zamani, atazame ni tundu gani la mkanda lililochakaa, apime kutoka hapo hadi mwisho wa pili, pamoja na saa yenyewe. Mzingo wa mkono ataupata bila siri kufichuka. Mume naye asidhani kwamba saa ya mke sharti iwe ndogo hata isomwe kwa kukodoa macho. Na babu aliyestaafu hahitaji saa pana, bali uso mweupe, tarakimu nyeusi zilizo wazi na akrabu nene. Hayo yapatikana hata katika milimita 36.

Mtoto anunuliwe mkanda wenye matundu mengi, si saa ya kukulia. Saa si kaptura.

Mwisho wa yote, saa iliyomo sandukuni haisemi wakati. Askari aliyeiacha huko kwa sababu inamchoma ataulizauliza wenzake, na iko siku atachelewa kufika lindoni. Atakayeumia usiku huo ni mwenziwe aliyesimama kwenye baridi akingoja kupokewa zamu. Mwenzi huyo hatauliza saa ilikuwa kubwa kiasi gani. Atauliza ilikuwa wapi.