BLUES SIYO NYIMBO ZA KUKUMBATIANA!

Kama mambo yamekaa vibaya, basi wiki hii umefika mahali pake, maana nazungumzia muziki wa watu ambao mambo yao yalikaa vibaya kweli kweli.

Kijiweni kwetu kumezuka ubishi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeitwa "mwandishi", nimetakiwa nitoe hukumu. Jamaa mmoja anasema blues ni nyimbo za taratibu na rock and roll ni nyimbo za fujo, basi, mjadala umefungwa. Mwingine anasema ni kitu kilekile, isipokuwa blues wanapiga Weusi na rock wanapiga Wazungu. Wote wawili wameugusa ukweli kidogo, mwingi wameuacha.

Tuanze na huyu wa kwanza. Zamani hapa Bongo, DJ wa disko akitangaza blues alikuwa na maana muda wa kupunguza taa umefika. Mwenye wake amshike kiuno, asiye na wake aende kaunta akanunue soda. Nyimbo zenyewe zilikuwa za mapenzi, tamu sana, lakini blues hazikuwa. Ndiyo maana mpaka leo ukimwambia mtu mzima wa Dar neno blues, anatabasamu na kumkumbuka mtu ambaye siyo mama watoto.

Blues yenyewe imetoka kusini mwa Marekani, kwa watu weusi wa sehemu kama Mississippi. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1865, lakini wengi walibaki kwenye mashamba ya pamba ya watu wengine. Walilima, wakagawana mavuno na mwenye shamba, na msimu ukiisha wanaambiwa bado wanadaiwa. Mtu wa namna hiyo akishika gitaa jioni, hana wimbo wa kuimba zaidi ya yaliyomkuta.

Umbo lake siyo gumu. Hesabu moja-mbili-tatu-nne, rudia mara 12, hapo umemaliza mzunguko mmoja. Ndani yake gitaa linazunguka kwenye kodi tatu, na siyo hizi za mapato. Mwimbaji anasema mstari, anaurudia, halafu wa tatu anatoa jibu. Kama blues ingezaliwa mtaani kwetu, ingekuwa hivi:

Mwenye nyumba kagonga hodi, mfukoni sina hata shilingi.
Nasema mwenye nyumba kagonga hodi, mfukoni sina hata shilingi.
Nipe shuka nijifunike, leo naumwa mpaka Ijumaa.

Umecheka? Ndiyo hivyo. Blues siyo kilio peke yake. Mtu anataja shida yake kwa jina, anairudia ili uisikie vizuri, halafu anaicheka kabla haijamcheka yeye. Na siyo lazima iende taratibu. Mwaka 1948 John Lee Hooker alitoa "Boogie Chillen'", gitaa moja na mguu unaopigapiga chini, na ukikaa kimya unaposikiliza, mwone daktari.

Sasa hiyo rock and roll inatofautiana wapi? Sikupi nadharia, nakupa sahani moja ya santuri. Mwaka 1955 kijana wa St. Louis, Chuck Berry, alikwenda Chicago akamuuliza mkongwe Muddy Waters aende wapi ili arekodiwe. Muddy akamwelekeza kwa Leonard Chess, mwenye kampuni ya Chess. Berry alikuwa na blues moja, "Wee Wee Hours", na alidhani hiyo ndiyo itakayomkuna mzee. Wapi! Chess akazimikia wimbo mwingine, uliotokana na wimbo wa fidla wa Wazungu wa mashambani unaoitwa "Ida Red". Ukaandikwa upya, ukapewa jina la "Maybellene". Ulipotoka, Maybellene ikakaa upande wa kwanza wa sahani na Wee Wee Hours upande wa pili.

Itafute kwenye simu yako usikilize zote mbili, halafu njoo ubishane na mimi. Mwimbaji ni yuleyule, kampuni ileile, na kisa cha zote mbili ni mwanamke. Kwenye Wee Wee Hours mwanamume amekaa peke yake usiku wa manane anamuwaza aliyeondoka. Piano inamlilia pembeni, haendi popote. Kwenye Maybellene demu hatulii, na mwanamume hakai chini kuwaza: yumo ndani ya Ford yake anamkimbiza barabarani, injini inachemka, mvua inanyesha, gitaa linapiga honi. Na kibwagizo kinafuata zile zile hesabu 12!

Hapo ndipo ninapoutenga mstari. Blues inakaa na maumivu mpaka yaseme yote. Rock and roll inayapakia kwenye gari na kukanyaga mafuta. Yule mwenye nyumba wetu akigonga, mtu wa blues anaomba shuka. Mtu wa rock and roll anawaambia wadogo zake, "Mwambieni nimekwenda disko!"

Tofauti ya pili iko miguuni. Blues nyingi, hasa zile za Chicago zenye gitaa la umeme, zinatembea kwa kuchechemea: hatua ndefu, hatua fupi, taa-ta, taa-ta, kama mtu ambaye kiatu kimoja kina kisigino kirefu. Rock and roll ikainyoosha hatua: ta-ta-ta-ta, zote sawa, na dramu inagonga kwa nguvu kwenye mbili na nne. Earl Palmer, mpiga dramu wa New Orleans aliyepiga kwenye rekodi za Little Richard, alieleza mwenyewe ilivyokuwa. Little Richard aligonga piano kwa mkono wa kulia bila kuchechemea hata kidogo, ikabidi dramu imfuate. Kwenye rekodi nyingi za miaka ile utasikia mmoja anachechemea na mwenzake kanyooka, kama ndugu wawili waliogombea njia.

Tofauti ya tatu ni mnunuzi. Blues iliimbwa na watu wazima kwa watu wazima, juu ya ndoa, deni, pombe, jela na safari. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, Marekani ikapata kundi jipya: vijana wa shule wenye hela ya mfukoni. Chuck Berry aliwaona mapema. Mwaka 1957 akatoa "School Day", wimbo wa kero za darasani na raha ya kengele ya kutoka, na yeye alikuwa na miaka 30! Mjanja yule.

Haya, sasa tuje kwa rafiki yangu wa pili, wa Weusi na Wazungu. Hapa, mpenzi msomaji, ndipo panaponiuma, na ndiyo sababu nimekubali kuandika.

Mpaka mwaka 1949 jarida la Billboard liliorodhesha muziki wa Weusi kwa kuuita "rekodi za rangi", halafu likabadilisha na kuuita rhythm and blues. Mwaka 1951 mtangazaji mzungu wa redio huko Cleveland, Alan Freed, akaanza kuwapigia vijana muziki huohuo akiutangaza kwa jina la rock and roll. Neno lenyewe hakulibuni yeye. Weusi walikuwa nalo mitaani na kwenye nyimbo zao miaka mingi. Lakini jina jipya ni sawa na duka jipya: bidhaa ileile, mlango mwingine, na wanaoingia ni wengine.

Angalia "Hound Dog". Mwaka 1952 mama mmoja mwenye sauti ya kutikisa bati, Big Mama Thornton, aliurekodi. Waliouandika walikuwa vijana wawili wazungu wa miaka 19, Jerry Leiber na Mike Stoller, kwa hiyo usikimbilie kusema kila kitu kiliibwa. Huyo mbwa anayefukuzwa humo ni mwanamume anayetaka kulelewa, yule ambaye sisi, tangu Franco alipotoa kibao chake mwaka 1985, tunamwita mario. Thornton anamfungia mlango, na unamsikia kabisa kachoka.

Mwaka 1956 Elvis Presley akauchukua, akiwa ameusikia kwa bendi iliyoupiga Las Vegas ukiwa umeshabadilishwa maneno. Mario katolewa, kabaki mbwa tu na sungura wake. Mwendo umekuwa wa kasi, dramu inafyatuka kama bunduki. Ni rekodi kali, sikatai, nami huwa naicheza. Lakini yule mwanamke na kisa chake wamepotea. Elvis akauza mamilioni. Big Mama alikuwa akisimulia kwamba yeye aliambulia hundi moja ya dola 500.

Arthur Crudup naye aliandika na kurekodi "That's All Right" mwaka 1946. Mwaka 1954, huko Memphis, ndiyo uliomtoa Elvis. Crudup alifariki mwaka 1974 akiwa bado anadai haki zake. Hata Chuck Berry na Maybellene yake hakupona. Sahani ilipotoka, jina la Freed na la mtu mwingine, Russ Fratto, yalikuwa yamekaa pembeni ya jina lake kama watunzi wenzake. Mshiko ukagawanywa. Alikuja kurudishiwa utunzi wote mwaka 1986, miaka 31 baadaye.

Kwa hiyo hukumu yangu ndiyo hii. Rafiki wa kwanza, kasi siyo kipimo. Kipimo ni kama wimbo unakaa na jambo au unalikimbia. Rafiki wa pili, rangi haimo kwenye gitaa. Little Richard na Chuck Berry walikuwa Weusi na rock and roll ni yao kuliko mtu yeyote. Rangi ilikuwa kwenye orodha za jarida, kwenye redio na kwenye daftari la malipo. Muddy Waters mwenyewe alilimaliza mwaka 1977 kwa wimbo wenye jina linalosema kwamba blues ilipata mtoto akaitwa rock and roll. Mimi naongeza tu kwamba mtoto alikuwa na mzazi wa pili, muziki wa Wazungu wa mashambani, na kwamba mtoto alipotajirika hakukumbuka sana nyumbani.

Na wewe unayejiandaa kwenda studio na mistari yako kwenye daftari, usije ukasema haya ni ya Marekani hayakuhusu. Kabla hujapiga picha na prodyuza, soma karatasi, angalia sehemu iliyoandikwa mtunzi ni nani. Kama kuna jina usilolijua pembeni ya lako, uliza ni la nani na aliandika mstari gani. Ukiona aibu kuuliza leo, jiandae kuimba blues, na siyo ile ya kupunguza taa.

Tukutane wiki ijayo. Mwenye nyumba akigonga, unajua la kusema!