Madini yako Nyamongo, mwilini je?

Wiki hii tuyaweke kando mapenzi na mitindo ya nywele, twende zetu Mara.

Ukitaja Serengeti, kila mtu anawaza simba na nyumbu. Ukitaja Tarime, watu wanakumbuka dhahabu ya Nyamongo, kule ambako mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji 2002. Sawa, lakini kuna madini mengine ambayo mtoto wa huko, kama mwenzake wa Manzese, anaweza kuyakosa huku tumbo limejaa ndi! Nazungumzia madini ya chuma na zinki, pamoja na vitamini.

Usinicheke. Njaa hii haipigi kelele. Mtu anashiba ugali mchana na usiku, lakini damu hana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta watoto 58 katika kila 100, wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5, wana upungufu wa damu. Kwa wanawake wenye umri wa kuzaa walikuwa 45 katika kila 100. Malaria na minyoo navyo vinachangia, si chakula peke yake. Lakini dada mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hapo utani umekwisha.

Sasa tatizo liko wapi? Mwaka 2011 serikali ilitoa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Safi sana. Ila mama wa kijijini kule Tarime au nje ya Mugumu hanunui unga wa pakiti. Anajitwisha mahindi yake, au muhogo na ulezi, mpaka kwenye mashine ya jirani, anasaga, anarudi kupika. Virutubishi vya kiwandani atakutana navyo wapi? Mimi naona mashine hizi ndogo ndizo zisaidiwe vifaa na virutubishi, tena bila kumpandishia mama bei ya kusaga.

Tukisubiri hilo, kuna washikaji wanaona sembe nyeupe ndiyo ustaarabu, dona ni chakula cha bwenini. Kumbe ukikoboa mahindi, vitamini nyingi zinaondoka na pumba, wanakula kuku. Kuku wananenepa, wewe unapauka!

Najua kwa Wakurya ng'ombe ni benki na ni mahari, huwezi kumwambia mzee achinje kila Jumapili. Lakini dagaa wa Musoma wapo, maharage yapo, majani ya kunde yapo. Kula na chungwa au kamulia ndimu, mwili unyonye chuma vizuri, na chai isubiri kwanza. Viazi lishe vile vya rangi ya chungwa vina vitamini A, na mbegu zake zilishasambazwa Kanda ya Ziwa na mradi wa Marando Bora.

Wewe uliyeko mjini unayetuma hela nyumbani, ukipiga simu usiulize mvua na ng'ombe tu. Muulize shemeji mjamzito kama vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki anavimeza, au vimelala kabatini.

Tukutane wiki ijayo.