Aliyekwisha Kutambuliwa Asiulizwe Tena na Tena

Mkulima wa Sapiwi anapofikisha pamba yake kituoni, mzigo hupimwa, jina lake huandikwa kitabuni, naye huondoka na stakabadhi mkononi. Hatazamiwi arudi kesho na keshokutwa ili kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Utaratibu huo una dosari zake, lakini umejengwa juu ya busara moja: mtu akishajulikana, kinachobaki kuzungumzwa ni kazi yake na malipo yake. Busara hiyo ndiyo inayokosekana katika soko jipya ambalo vijana wa wilaya ya Bariadi, kama wenzao kote nchini, wanaweza kuliingia: soko la intaneti.

Soko hilo si la kubezwa. Kijana mwenye simu aweza kupiga picha za bugobogobo, majembe yakirushwa hewani kwa mdundo wa ngoma, au mashindano ya Wagika na Wagalu baada ya mavuno, akazitia katika YouTube, na Msukuma aliyeko Dar es Salaam au London akazitazama jioni ile ile. Mwingine aweza kufundisha kilimo, mwingine kuchekesha. Kampuni yenye mtandao huo hugawana mapato ya matangazo na mtu aliyefikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12. Hicho si kima kidogo. Ni kazi ya miezi mingi, pengine ya miaka. Na jasho hilo linapoanza kuzaa matunda, ndipo taabu nyingine inapoanza.

Mapato hayo hupitia katika akaunti ya AdSense. Yanapofika dola 10 za Marekani, mwenye akaunti hutakiwa kuthibitisha jina lake kwa kitambulisho, na namba ya siri yenye tarakimu sita hutumwa kwa barua ya posta ili kuthibitisha anwani yake. Malipo yenyewe hayatolewi mpaka yafike dola 100. Kwa maneno, utaratibu ni mwepesi. Kwa vitendo, wako wanaotuma picha ya kitambulisho wakakataliwa, wakatuma tena wakakataliwa tena, na kila wanapofungua akaunti hukutana na amri ile ile: thibitisha wewe ni nani. Ni sawa na mwenye nyumba kupiga hodi kwake mwenyewe, tena hodi isiyoitikiwa. Wakati wote huo fedha zake zimezuiliwa.

Hatusemi kwamba ukaguzi hauna maana. Matapeli wapo, na kila siku huiba akaunti za watu na kujitwalia mapato yasiyo yao. Mwenye fedha ana wajibu wa kujua anamlipa nani. Tunachouliza ni hiki: kwa nini mtu yule yule, mwenye kitambulisho kile kile cha Serikali, aulizwe swali lile lile bila kuelezwa jibu lake la kwanza lilikuwa na kasoro gani?

Mara nyingi kasoro iko katika jina. Jina la Kisukuma laweza kuandikwa Ng'wandu katika cheti cha kuzaliwa, Ngwandu katika kitabu cha benki, na Mwandu katika daftari la shule. Doto huandikwa kwa t moja au kwa mbili. Mtu mwenye majina matatu katika kitambulisho cha taifa huwa na mawili katika benki, na katika akaunti yake ya intaneti ameweka jina la usanii. Jirani wa Sapiwi hatababaika, kwa kuwa anamjua mtu na baba yake na babu yake. Mashine haina ujirani. Kwake herufi moja ikitofautiana, hao ni watu wawili, na mmoja wao ni mwongo.

Kasoro ya pili iko katika tarehe. Vitambulisho vya taifa vilivyotolewa miaka ya mwanzo vilichapishwa vikiwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwaka 2023 Serikali iliondoa ukomo huo, na kadi ya namna hiyo ni halali hata kama tarehe yake imepita. Uamuzi ulikuwa mwema. Lakini mashine inayokagua picha ya kadi ng'ambo haisomi matangazo ya Serikali ya Tanzania. Husoma tarehe iliyochapishwa, nayo hukataa hati iliyopitwa na wakati. Hivyo mtu aweza kuwa halali Bariadi na asiwe halali katika akaunti yake mwenyewe.

Kasoro ya tatu ni anwani na simu. Barua yenye namba ya siri huchukua majuma kadhaa, nayo hutumwa kwa mtu ambaye pengine hutumia sanduku la posta la shule au la kanisa. Miezi minne ikipita bila namba hiyo kuingizwa, matangazo husimamishwa. Kwa upande wa simu, usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake kwa laini za zamani ulikoma Januari 20, 2020, ulikusudiwa kuhakikisha kwamba kila laini ina mwenyewe. Hata hivyo, wako wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya ndugu zao. Laini hiyo ikipotea, tarakimu za uthibitisho humfikia mtu mwingine, na mwenye akaunti hubaki nje.

Tufanye nini basi? Wajibu wa kwanza ni wa mwenye akaunti mwenyewe. Kabla ya kutuma hati yoyote, alinganishe jina lililo katika akaunti ya malipo na lile lililo katika kitambulisho, herufi kwa herufi, na kama hayalingani, arekebishe upande wa akaunti kwanza. Jina la usanii libaki kwenye video. Mahali pa malipo paandikwe jina la serikalini. Picha ya kadi ipigwe mchana, pembe zote nne zionekane. Laini iwe yake mwenyewe. Asifungue akaunti ya pili ya malipo kwa hasira, kwa kuwa mtu mmoja huruhusiwa moja tu, na wengi wamepoteza zote mbili kwa kosa hilo. Juu ya yote, asimkabidhi kishoka kitambulisho chake kwa ahadi ya kumtengenezea mambo. Anayeuza njia ya mkato leo aweza kesho kukopa kwa jina lako.

Lakini si haki kumwachia kijana mzigo wote. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ina namba ya tarakimu 20 kwa kila mtu iliyemsajili, na alama za vidole vyake. Tunaiomba ipeleke kazi ya kusahihisha majina katika kata, kwa siku zinazotangazwa mapema, ili mtu wa Sapiwi asilipe nauli mara tatu kwa ajili ya herufi moja. Aidha, wenye kadi zenye tarehe iliyopita wapatiwe kadi mpya zisizo na tarehe hiyo. Anwani za makazi zilizowekwa katika operesheni ya mwaka 2022 zisibaki vibao ukutani. Posta izitumie kufikisha barua.

Kampuni za mitandao nazo zinafanya biashara na Watanzania, kwa hiyo ziheshimu sheria za Watanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inagusa pia maamuzi yanayotolewa na mitambo peke yake. Ingefaa Tume izikutanishe kampuni hizo na NIDA, na kutaka mambo matatu: hati ikikataliwa, sababu ielezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, akikataliwa mara ya pili, mtu asikilizwe na binadamu, na akishathibitishwa, asiulizwe tena ila pawe na sababu mpya.

Dola 100 huenda zisimtikise tajiri. Kwa familia inayongoja msimu wa pamba hadi msimu, hizo ni ada ya shule, ni mbegu na dawa ya kuulia wadudu. Tunatumaini vyombo vinavyohusika havitalihesabu jambo hili kuwa mchezo wa vijana. Ni suala la malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa, na mfanyakazi aliyekwisha kutambuliwa anastahili kulipwa.