Tumemwekea Mgeni Sumu Mezani

Kaskazi ikianza kuvuma, keremkerem mwekundu huteremka kutoka pande za Ethiopia na Somalia hadi pwani ya Kenya. Kichwa cha bluu-kijani, mwili wa waridi, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Umemwona kwenye waya wa umeme, ukasema ni mzuri, ukaenda zako.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, sisi tumempokeaje?

Ndege huyu hagusi mahindi yako. Hagusi mtama wako. Chakula chake panzi, nzige, nyigu, kumbikumbi. Nyika ikiwaka moto, wengine wanaukimbia, yeye anaukimbilia, awadake wadudu wanaotoroka. Hupanda hata mgongoni kwa mbuzi, awanyakue panzi wanaotimuliwa na kwato. Kibarua cha bure, mwenzangu!

Utaniambia anakula na nyuki. Ndiyo, anakula. Humbamiza tawini, akamsugua tumbo mpaka mwiba na sumu vitoke, ndipo ammeze. Sumu ya nyuki anaijua. Hii ya pampu yako ya mgongoni ataisugulia wapi?

Na tunaiita dawa! Dawa ya nini? Inaua panzi, inaua kipepeo, inaua nyuki. Keremkerem anameza nyuki mmoja mmoja. Pampu inamaliza mzinga mzima. Maboga na matikiti yako yatachavushwa na nani?

Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa ya wadudu iitwayo imidaklopridi kwenye mashamba ya wazi, kwa ajili ya nyuki. Huku kwetu imeuzwa rejareja. Tumeinunua, tumeikoroga kwa mikono mitupu, tumeipulizia mboga wanazokula watoto wetu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na sisi tumeshaingia hadi kiunoni. Nyuki wa Ulaya wana mtetezi. Wako wana nani? Umelala, ndugu yangu?

Jua likizama, keremkerem huenda kulala kwenye mikoko ya Mida, karibu na Watamu. Mikoko hiyohiyo tunayoikata boriti. Mchana tunamnyima chakula, usiku tunamvunjia kitanda. Asiporudi, tutamlaumu nani?

Novemba hii nenda Mida magharibi ikiingia. Simama ukingoni, uwahesabu wanaokuja kulala. Ukirudi, zunguka shamba lako, uyahesabu na makopo matupu uliyoyatupa mtaroni.